Nguo za Kenya katika soko la Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu AGOA

Ukurasa huu ni wa wanaofanya kazi katika viwanda vya EPZ (maeneo maalum ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje), wanaotegemea mishahara inayotoka huko, na mafundi wanaotamani kuuza nje. Maswali yenyewe ni yale yanayorudi kila AGOA inapotajwa kwenye habari.

AGOA ni nini hasa?

Ni sheria ya Marekani iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 18 Mei 2000. Inaziruhusu nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, zikitimiza masharti, kuingiza maelfu ya bidhaa Marekani bila kulipa ushuru wa forodha. Kenya iliidhinishwa mwaka huohuo, na kufikia Januari 2001 ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuruhusiwa kupeleka nguo.

Jambo la kushika ni kwamba AGOA si mkataba. Mkataba una pande mbili, na upande unaodhulumiwa una mahali pa kudai. AGOA imetungwa na Kongresi, yaani bunge la Marekani, hurefushwa na Kongresi, na kila mwaka Rais wa Marekani huamua nani abaki na nani aondolewe. Nairobi inaweza kuomba, kushawishi na kutuma ujumbe, lakini haina pa kushtaki. Matatizo mengi utakayosoma hapa chini yanaanzia hapo.

Kwa nini Kenya AGOA ikitajwa, zinatajwa nguo tu?

Kwa sababu kahawa na chai zetu huingia Marekani bila ushuru hata AGOA isipokuwepo. Maua na makadamia hupata nafuu, lakini si kubwa sana. Nguo ndizo zinazotozwa ushuru mzito zisipokuwa na msamaha, kwa hiyo ndizo zinazofaidika zaidi. Mwaka 2024 mauzo ya Kenya chini ya AGOA yalizidi shilingi bilioni 60, sehemu kubwa ikiwa ni nguo, na viwanda hivyo viliajiri zaidi ya watu 60,000. Wengi wao ni wanawake, na mshahara wa mmoja hulisha nyumba mbili: ile ya Athi River au Mikindani, na ile ya wazazi kijijini.

Kwa sasa AGOA ipo au imekwisha?

Ilikwisha, ikafufuliwa kwa muda mfupi. Kongresi iliirefusha mwaka 2015 kwa miaka kumi, na miaka hiyo ikaisha tarehe 30 Septemba 2025 bila nyongeza yoyote kupitishwa. Kwa miezi minne nguo za Kenya zilifika bandari za Marekani zikitozwa ushuru kamili. Mapema Februari 2026 Rais Donald Trump alitia saini sheria ya kuirefusha hadi tarehe 31 Desemba 2026, ikihesabiwa kurudi nyuma hadi siku ilipoisha. Bunge la Wawakilishi lilikuwa limepitisha miaka mitatu, lakini kilichotoka mwishoni ni kipindi kisichofika hata mwaka mmoja mbele.

Kuhesabiwa kurudi nyuma kuna maana gani? Ile pesa inarudi kwa nani?

Mizigo iliyoingia wakati wa pengo inastahili kurudishiwa ushuru wa kawaida uliolipwa. Anayerudishiwa ni yule aliyejiandikisha forodha kama mwagizaji, na mara nyingi huyo ni mnunuzi wa Marekani, si kiwanda cha Kenya.

Hapa ndipo penye uchungu. Katika kipindi kama hicho mnunuzi hukiambia kiwanda: nipunguzie bei tugawane huu ushuru, la sivyo oda inaenda kwingine. Kiwanda kilichokubali kilitoa pesa yake mfukoni. Kama makubaliano ya kupunguza bei hayakusema lolote kuhusu kurudishiwa ushuru, marejesho yatabaki Marekani. Mwenye kiwanda akipunguza bei kwa sababu ya ushuru, aandike kwenye karatasi hiyohiyo kwamba ushuru ukirudi, na punguzo lirudi. Ni sentensi moja, na inaweza kulipa mishahara ya mwezi mzima.

Mwaka mmoja si afadhali kuliko kukosa kabisa?

Ni afadhali, lakini angalia jinsi oda moja inavyosafiri. Mnunuzi anakubali sampuli na bei. Kiwanda kinaagiza kitambaa, mara nyingi kutoka China, na kitambaa hicho kinafumwa, kinatiwa rangi, kisha kinapakiwa melini. Kinafika Mombasa, kinapitia forodha, kinapanda reli au lori. Kinakatwa, kinashonwa, kinafuliwa kama ni jinzi, kinapigwa pasi, kinakaguliwa na kufungwa. Kontena inarudi Mombasa na kuanza safari ndefu ya bahari. Tangu meli nyingi zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi, safari hizo zimezidi kuwa ngumu kupanga. Kuanzia oda hadi dukani ni nusu mwaka au zaidi.

Sasa, ushuru huhesabiwa siku mzigo unapoingizwa Marekani, si siku oda ilipotiwa saini. Kwa hiyo AGOA inayoisha Desemba 2026 imekwisha, machoni pa mnunuzi, miezi mingi kabla ya Desemba. Oda ya katikati ya mwaka tayari ni kamari. Tuliyaona haya mwaka 2012, ruhusa ya kutumia vitambaa vya nje ilipokaribia kuisha Septemba na Kongresi ikachelewa hadi Agosti kuirefusha. Oda zilipungua kote Afrika kabla ya tarehe yenyewe kufika, na nyongeza haikuzirudisha zote.

Kwa mwekezaji wa kinu cha kufuma vitambaa hali ni mbaya zaidi. Hakuna benki itakayokopesha mashine za kulipiwa kwa miaka kumi kwa kutegemea soko lenye uhakika wa miezi kumi. Cherehani unaweza kuipakia kwenye kontena ukahama nayo. Kinu cha kutia rangi hakihami. Ndiyo maana tumepata vyumba vya cherehani kwa maelfu, na vinu vya kuhesabu kwa vidole.

Ushuru wenyewe ni kiasi gani nguo zisipokuwa na AGOA?

Inategemea uzi. Fulana ya pamba hutozwa asilimia 16.5. Suruali ya pamba, ikiwemo jinzi, asilimia 16.6. Nguo za nyuzi za kutengenezwa viwandani, kama poliesta, hutozwa zaidi: suruali karibu asilimia 28, na fulana au sweta asilimia 32.

Chukua mfano wa suruali ya pamba inayouzwa na kiwanda kwa dola 8. Ushuru wake ni takriban dola 1.33. Ikiwa ni ya poliesta, ushuru unapita dola 2.20. Katika zile dola 8, kitambaa, zipu, vifungo na lebo hula sehemu kubwa, na zote zimenunuliwa nje. Kinachobaki kwa kazi ya Kenya, yaani kukata, kushona, umeme, mishahara na faida, ni dola chache tu. Ushuru huo ukiangukia sehemu hiyo, umeila faida yote na bado unadai mshahara.

Kwa hesabu hiyo utaelewa kwa nini viwanda vyetu vingi viliegemea nguo za poliesta za michezo na za kazini. Huko ndiko msamaha unakokuwa na thamani kubwa zaidi. Ni huko pia AGOA ikikatika tutakapoumia kwanza.

Na ule ushuru mwingine wa Trump?

Huo ni tofauti na AGOA. Aprili 2025 bidhaa kutoka Kenya ziliwekewa asilimia 10 ya ziada, hata zile zilizokuwa na msamaha wa AGOA. Februari 2026 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya dharura iliyotumika haimpi Rais mamlaka ya kutoza ushuru wa namna hiyo, naye akageukia sheria nyingine. Anayefanya biashara na Marekani leo ajizoeze kuuliza maswali mawili badala ya moja: AGOA inasemaje, na amri ya Rais inasemaje?

Lakini kuna jambo wengi hawakuligundua. Katika mpangilio wa 2025, Kenya iliwekwa kwenye kiwango cha chini kabisa. Vietnam na Bangladesh zilipewa asilimia 20, Lesotho na Madagascar 15, na India ikafika 50. Kwa miezi kadhaa wanunuzi waliulizia Kenya kuliko kawaida. Swali la haki ni kama tulikuwa na nafasi ya kuwapokea: umeme usiokatika, kitambaa cha karibu, laini za ushonaji za kutosha. Mahali pengi jibu lilikuwa hapana.

Kitambaa kinatoka wapi, na kwa nini kila mtaalamu anakizungumzia?

Hiki ndicho kiini. AGOA ina ruhusa maalum kwa nchi zilizohesabiwa kuwa na kipato cha chini wakati sheria ilipotungwa. Nchi hizo zinaweza kushona kwa kitambaa kilichotoka popote duniani, na bado nguo ikaingia Marekani bila ushuru. Kenya imo, Afrika Kusini haimo. Bila ruhusa hiyo, uzi na kitambaa vingelazimika kutoka Marekani au katika nchi za AGOA, na viwanda vyetu vingi vingefunga kazi msimu huohuo.

Ruhusa hii ilitolewa kama ngazi. Nia ilikuwa tuanze kushona kwa vitambaa vya watu huku tukijenga vinu vyetu. Robo karne imepita na bado tumesimama kwenye kidato cha kwanza. Ninalisema kwa kusikitika, kwa sababu ushonaji wenyewe umeiva. Ukiingia katika kiwanda cha jinzi utaona laini ya watu wanaopokezana bando la vipande: huyu anashona mfuko wa nyuma, yule anaweka zipu, mwingine mkanda, mwingine anafunga mshono wa ndani, na suruali inapita mikono mingi bila kukaa kwa yeyote. Tageti ya saa imeandikwa ubaoni. Mikono hiyo inashindana na mikono ya popote duniani. Kinachotushinda ni kwamba bando limekuja kwa meli.

Kiwanda kinachopata kitambaa umbali wa saa mbili kwa lori kinaweza kupokea oda ndogo, oda ya haraka, oda ya kurudia rangi iliyouzika. Kinaweza kurekebisha dosari kwa simu. Na ushuru ukirudi, kina pa kubana, kwa sababu sehemu kubwa ya ile bei ya dola 8 iko mikononi mwake. Bangladesh hulipa ushuru kamili Marekani kwa nguo zake, haijapata msamaha wa aina hii, na bado huuza huko mara nyingi zaidi kuliko sisi. Imewezekana kwa sababu ina vinu vyake, hasa vya vitambaa vya fulana, na ukubwa unaoshusha gharama.

Si tungefufua pamba basi?

Tufufue, lakini tusidanganyane kuhusu ratiba. Pamba ilikuwa zao la watu Busia, Siaya, Homa Bay, Kitui, Meru, Lamu na kwingineko. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, malipo ya wakulima yakavurugika, viwanda vya kuchambua vikalala, na vinu kama KICOMI cha Kisumu vikafa. Mkulima aliyekaa miaka bila kulipwa hawezi kurudi shambani kwa hotuba. Anarudi akiona mbegu kwa wakati na pesa mkononi siku ya kupima. Serikali iliidhinisha pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili wadudu, kwa kilimo cha biashara Desemba 2019, na Rivatex ya Eldoret, inayomilikiwa na Chuo Kikuu cha Moi, ilizinduliwa upya mwaka huohuo wa 2019. Hizo ni hatua za kweli, ila peke yake hazitoshi kujaza makontena ya Athi River.

Maoni yangu ni kwamba tumeanza na mwisho usiofaa. Njia fupi ni kuagiza uzi, wa pamba na wa poliesta, kisha tufume hapa vitambaa vya fulana na kuvitia rangi hapa. Mashine za kitambaa cha kuvutika ni nafuu kuliko za jinzi, na mahitaji yapo mlangoni. Uzi wa pamba unaweza kuanza kutoka kwa jirani: Tanzania huvuna pamba nyingi Simiyu na Shinyanga, na sehemu kubwa huondoka ikiwa ghafi. Kinu kikisimama na kulipa vizuri, mkulima wa Busia atapata mnunuzi wa kudumu. Hapo ndipo pamba yetu itakapofufuka, ikivutwa na soko. Kinachohitajika zaidi ni bei ya umeme inayotabirika, maji, na mtambo wa pamoja wa kusafisha maji ya rangi, ili kila mwekezaji asilazimike kujenga wa kwake na ili Mto Athi usizidi kuumizwa.

Mitumba inahusikaje na AGOA?

Inahusika moja kwa moja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao kwamba hatua hiyo inavunja masharti ya AGOA. Kenya ilirudi nyuma haraka ili kulinda ajira za EPZ. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo, na tarehe 31 Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa katika AGOA.

Kwa hiyo mama anayeuza Gikomba na binti anayeshona Ruaraka wamefungwa kwenye sheria moja ambayo hakuna aliyewaonyesha. Sioni busara ya kumpiga vita wa Gikomba. Nguo zinazoshonwa EPZ hazishindani naye sana, kwani kwa kawaida kiwanda cha EPZ kinaruhusiwa kuuza nchini sehemu isiyozidi asilimia 20 ya kinachozalisha, tena kwa idhini na kwa kulipia kodi.

Kenya inaweza kuondolewa kama Ethiopia?

Inaweza. Masharti ni pamoja na utawala wa sheria, haki za binadamu, haki za wafanyakazi na kutozuia biashara ya Marekani, na mwamuzi ni Rais wao. Madagascar iliondolewa mwaka 2010 baada ya mapinduzi, ikarudi 2014. Ethiopia iliondolewa tarehe 1 Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray, na kampuni ya mavazi ya Marekani, PVH, ilikuwa imetangaza kufunga kiwanda chake cha Hawassa wiki chache kabla. Uganda ilitoka Januari 2024.

Waliopoteza kazi Hawassa hawakupigana vita yoyote. Wakenya walichukue hilo kwa uzito: siasa zinapochafuka Nairobi, mnunuzi aliye New York huanza kuuliza maswali kabla hata Washington haijasema neno.

Je, mkataba wa kudumu kati ya Kenya na Marekani umefikia wapi?

Mazungumzo ya mkataba wa biashara huria yalizinduliwa Julai 2020. Utawala wa Biden uliyaweka kando na Julai 2022 ukaanzisha mazungumzo mengine, ambayo hayakugusa viwango vya ushuru. Kwa msafirishaji wa nguo, hilo ni sawa na kujadili harusi bila kutaja mahari.

Mkataba kamili ungeleta uhakika, lakini una bei. Kanuni za biashara ya dunia zinataka mkataba wa aina hiyo ufungue karibu biashara yote kwa pande zote mbili, maana yake ngano, mahindi na kuku wa Marekani waingie kwetu kwa urahisi zaidi. Pia Kenya imo katika umoja wa forodha wa Afrika Mashariki wenye ushuru mmoja wa nje, kwa hiyo majirani wana haki ya kuuliza. Ningependa kuona wakulima wakiketi mezani tangu mwanzo, si kuarifiwa mwisho.

Kwa nini tusihamie Ulaya?

Mlango uko wazi. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Nairobi Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Na Uingereza tuna wetu uliotiwa saini Desemba 2020. Tofauti na AGOA, hii ni mikataba yenye pande mbili, haihitaji kuombewa nyongeza.

Shida ni kwamba Ulaya Bangladesh nayo huingia bila ushuru, kwa kuwa imo katika kundi la nchi maskini zaidi. Tunashindana naye uso kwa uso bila ngao. Lakini Bangladesh imepangiwa kutoka kwenye kundi hilo Novemba 2026, na Ulaya imeahidi kuiachia nafuu hiyo kwa miaka mitatu zaidi, hadi 2029. Baada ya hapo itahitaji mpango mwingine. Huo ni muda wa kutosha kwa kiwanda cha Kenya kujifunza matakwa ya Ulaya: oda ndogo zaidi, mitindo inayobadilika upesi, na maswali mengi kuhusu kemikali na asili ya pamba. Anayesubiri 2029 ndipo aanze, atakuta nafasi imeshachukuliwa na Misri au Morocco.

Na soko la Afrika?

Lipo kwenye karatasi. Biashara chini ya eneo huru la biashara la Afrika ilianza rasmi Januari 2021, lakini nguo zilikuwa kati ya bidhaa zilizochelewa zaidi, nchi zikibishana nguo ishonwe kwa kitambaa cha nani ndipo ihesabiwe kuwa ya Afrika. Swali la kitambaa linatufuata huko pia.

Nafanya kazi EPZ. Kiwanda kikipunguza watu, nina haki gani?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu. Kama wewe si mwanachama, unastahili kuarifiwa wewe mwenyewe kwa maandishi. Uchaguzi wa nani aondoke uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa. Unalipwa siku zako za likizo ambazo hukuchukua, notisi ya mwezi au malipo badala yake, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha.

Tatizo kubwa liko kwenye mikataba mifupi. Mkataba wa muda maalum ukiisha kwa tarehe yake, mwajiri atasema hakumpunguza mtu. Lakini kama umeitwa kibarua huku ukifanya kazi mfululizo mwezi baada ya mwezi, kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinaweza kukupa hadhi ya mfanyakazi wa kudumu zaidi. Weka nakala za mikataba yote, hata ya zamani, pamoja na hati za mshahara. Angalia kama michango ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) inafika kweli, si kukatwa tu. Chama cha wafanyakazi wa ushonaji na nguo kipo, na afisa wa kazi wa kaunti hasubiri uwe na wakili ndipo akusikilize.

Na ukiwa bado kazini, jifunze operesheni ya pili na ya tatu. Aliyeshona mifuko tu kwa miaka sita hutoka akijua mfuko. Omba kuhamishwa laini, keti na fundi wa sampuli wakati wa mapumziko, jifunze kukata. Viwanda vyenyewe vingefaidi kwa kuwazungusha watu, na ningependa hilo liwe sharti la kila punguzo la kodi linalotolewa na serikali.

Nina karakana ya kushona Kariobangi. Naweza kuuza Marekani kupitia AGOA?

Unaweza, na si lazima uwe ndani ya EPZ. Kinachotakiwa ni nguo iwe imekatwa na kushonwa hapa, na iwe na viza ya AGOA. Viza hiyo ni muhuri unaogongwa na forodha ya Kenya, chini ya mamlaka ya mapato, KRA, kwenye ankara halisi ya mzigo, ukiwa na namba, tarehe, saini, kundi la nguo na idadi. Namba ikikosewa au idadi isilingane na mzigo, kontena inakataliwa msamaha. Soma kila tarakimu kabla ya karatasi kuondoka mezani.

Utahitaji kumbukumbu zinazoonyesha njia yote: ankara ya kitambaa, karatasi ya kukatia, rekodi ya nani alishona nini na lini, hati ya usafirishaji. Maafisa wa forodha wa Marekani huweza kufika kukagua, na hulinganisha idadi ya cherehani na idadi ya nguo unazodai kushona. Usikubali kamwe kupitisha nguo za mtu mwingine kwa jina lako. Anayekamatwa kwa udanganyifu wa asili hunyimwa AGOA kwa miaka mitano.

Kwa ukubwa wako, usiwanie fulana za bei ya chini, maana huko utakutana na viwanda vya watu elfu. Anza na nguo zenye kazi ya mkono au mtindo wako, oda ya vipande mia mbili tatu, mnunuzi anayelipa sehemu mapema. Au ungana na karakana jirani mgawane oda moja, mmoja wenu akiwa ndiye msafirishaji aliyesajiliwa. Kabla ya yote nenda ofisi ya forodha ya KRA ukiwa na sampuli moja na ankara ya kitambaa ulichotumia, uulize nguo hiyo inaingia kundi gani na ushuru wake ni asilimia ngapi bila AGOA. Bei utakayomtajia mnunuzi ihesabu namba zote mbili: ya leo, na ya baada ya tarehe 31 Desemba 2026.